Chafya ya Kabureta

Mama Cherehani aliisikia ile chafya kabla hajafika mwisho wa pindo. Akaondoa miguu kwenye pedali, akaliacha gurudumu lizunguke mpaka lichoke lenyewe, akatega sikio. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, mashine ya boti ilikuwa ikiunguruma ndani ya pipa la maji. Ikaunguruma, ikaunguruma, halafu: pfa. Chafya ndogo, ya mtu anayejizuia msibani.

"Imekaa!" alisema mumewe huko nje, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Haijakaa, Mama Cherehani alijisemea moyoni.

Mashine hiyo ilikuwa imeletwa asubuhi, mkwe wao alipoingia uani nayo begani. Mkwe huyu ni mkulima wa vitunguu, anaishi ng'ambo ya mto na binti yao wa mwisho, na ni kijana mwenye adabu mpaka inachosha. Ukimpa kiti anakalia ncha. Ukimwuliza kama ameshiba, anasema ameshiba hata kabla hajanawa. Siku hiyo aliamkia akiwa ameinamisha kichwa, kisha akalitoa lililomleta kidogokidogo, kwa sauti ya chini ya ukweni. Mkewe amevimba miguu mpaka viatu havimwingii. Presha imepanda. Nesi wa zahanati ya kule amesema hawezi kumzalisha; kesho alfajiri avushwe, aletwe hospitali kubwa ya upande huu, na asicheleweshwe. Na mashine ya boti, hii aliyoachiwa na marehemu baba yake, inaumwa: ukiipa mafuta inakwenda vizuri, ukiipunguza inazima.

"Eti presha imepanda!" Mama Cherehani alikuwa akirudia kila neno kwa sauti, ameshika kiuno. "Eti ukiipunguza inazima! Makubwa haya!"

Mkwe alidhani mama mkwe amepagawa kwa habari mbaya. Kupagawa alikuwa amepagawa, ndiyo, lakini kilichomfanya apige kelele ni kingine. Alikuwa anamfikishia mumewe maneno.

Mtu asiyeujua mto ule angesema: kama mashine inazima ukiipunguza, si usiipunguze? Lakini kabla hujafika gati la upande huu unakutana na nguzo za daraja la zamani, lile lililoanguka likaacha miguu yake majini, na maji yakifika hapo yanajisokota kama nguo inayokamuliwa. Ukipita kwa kasi unaikumbatia nguzo. Inabidi upunguze mpaka mashine inong'one, upenye, ndipo uongeze. Ikizima wakati huo, mto unakupeleka unakotaka wenyewe. Msimu wa mvua uliopita boti moja ilizima hapo hapo. Watu waliokolewa isipokuwa mmoja, na mbao za ile boti ziliokotwa huko chini zikawa kuni. Asubuhi hii mkwe alikuwa amepita kwa kupiga kasia, peke yake, boti tupu. Kesho atakuwa na mke mjamzito amelazwa juu ya godoro.

"Umefika kwa mwenyewe," mumewe alimwambia mkwe, akaipokea mashine.

Na ni kweli, zamani angekuwa amefika kwa mwenyewe. Mjini kote mume wa Mama Cherehani anaitwa Sikio. Mafundi wengine walikuwa na vipimo, yeye alikuwa na sikio. Alikuwa akikaa ndani anakunywa chai, boti inapita huko mtoni, anasema, "Yule plagi yake moja imekufa," na ukienda kuuliza unakuta ni hivyo hivyo. Watu walimletea mashine kutoka mbali ili aziwekee sailensa tu, yaani ule mwendo mdogo kabisa ambao mashine inapumzika bila kuzima. Kufungua kabureta, alikuwa akijigamba, hata mbuzi anaweza, akipewa bisibisi. Kuifunga ndiyo ufundi. Kuiwekea sailensa ndiyo Sikio.

Masikio yenyewe yalianza kumuaga mwaka jana, kimyakimya, mithili ya wapangaji wanaohama bila kulipa kodi. Ukimwambia sukari imekwisha, anauliza safari gani. Mwanzoni walicheka wote wawili. Baadaye akawa anacheka mke peke yake, na baadaye tena hakuna aliyecheka. Redio ikapandishwa mpaka ukuta ukatetemeka. Majirani wakaanza kusema Sikio siku hizi anaringa, unamsalimia anapita kama hakuoni, na Mama Cherehani akawa anamwitikia salamu zake barabarani kana kwamba ana makoo mawili. Kisha mashine zikaanza kurudi. Moja, halafu nyingine, zote zinazima zikipunguzwa. "Mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa," Sikio aliwaambia wenye mashine. "Mafuta, ndiyo," mkewe akaitikia, akijua ni uongo.

Angefanyaje? Mtu anayeitwa Sikio utamwambiaje kwamba hasikii? Alikuwa akiogopa lile neno kuliko alivyoogopa mashine kurudi, na aliogopa zaidi jinsi mumewe atakavyomtazama akilisikia. Au asipolisikia, ikabidi alirudie.

Asubuhi yote alikuwa amejipa moyo, kwa sababu mikono ya Sikio ilikuwa bado ni ile ile. Aliitandaza kabureta juu ya taulo kuukuu, kipande baada ya kipande, kwa mpangilio wa kutoka. Aliyamwaga mafuta ya zamani, na ndani ya bakuli la kabureta kukawa na uchafu umelala kama majani ya chai. Boya dogo, lile linaloelea ndani na kuamua mafuta yaingie au yasubiri, lilikuwa limelewa petroli halielei tena. Akalitupa, akatafuta jingine kwenye kabureta ya mashine iliyokwisha kufa. Vijitundu vya shaba hakuruhusu viguswe na waya, kwa maana waya unavipanua na kitundu kikishapanuka hakirudi. Alivipitisha uzi wa nailoni aliouomba kwa mkewe, akavipuliza, akaviinua juani mpaka akaona mwanga upande wa pili.

Gasketi, ile karatasi inayozuia mafuta yasivuje kwenye maungio, ilikuwa imekatikakatika. Akachora mpya kwenye karatasi ngumu, akampa mkewe aikate kwa mkasi wake.

"Usinikatie rinda," alimtania.

"Na wewe usinishonee mashine," alimjibu.

Sikio akacheka. Lakini Mama Cherehani aliyaona macho yake, akajua kwamba hakusikia kitu. Alicheka kwa sababu alijua hapo ndipo mahali pa kucheka. Akakata gasketi kwa uangalifu mkubwa kuliko anaotumia kwa nguo ya bibi harusi, akarudi kwenye cherehani yake, akaomba mikono ile itoshe.

Mikono ilimfikisha mpaka kwenye skrubu ya sailensa. Hiyo unaifunga kwa ncha za vidole mpaka mwisho, bila kuilazimisha, halafu unaifungua mzunguko mmoja na nusu, halafu vidole havina la kusema tena. Ukiifunga mno, mashine inanyimwa mafuta, inapiga chafya na kufa. Ukiifungua mno inalewa, inatoa moshi na kubabaika. Katikati ya chafya na ulevi kuna mahali padogo sana, na mahali hapo panatafutwa kwa kusikiliza.

Pfa, mashine ikasema tena.

Mama Cherehani akainuka, akaweka jicho kwenye ufa wa mbao. Mashine ilikuwa ikitetemeka ndani ya pipa, inakojoa uzi wake wa maji ubavuni kama inavyotakiwa. Sikio alikuwa ameinama, bisibisi mkononi, macho ameyafumba kama zamani. Ungemwona ungesema ni yule yule. Kisha akafumbua jicho moja. Halikutazama kabureta, lilimtazama mkwe usoni.

Mkwe akatabasamu. Mtu akitazamwa na baba mkwe afanye nini kingine? Sikio akaizungusha bisibisi kidogo, akachungulia tena. Mkwe akatabasamu zaidi, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Sikio akakaza mkono palepale aliposifiwa.

Kumbe ndivyo anavyofanya. Anaiweka sailensa kwa kusoma sura ya mteja, na mteja wa leo ni mtu ambaye hata nyumba ya wakwe ikiungua atasema joto ni la kawaida.

Sikio akasimama. Akaipa mashine mgongo, akaanza kujifuta mikono kwa kitambaa. "Mashine ya baba yako haikuwa na ugonjwa," alimwambia mkwe. "Ilikuwa inataka kuheshimiwa tu."

Nyuma yake mashine ikapiga chafya mbili mfululizo, ikatikisika, ikazima. Maji ya pipa yakatulia. Kuku wa jirani alisikika akiparura nyuma ya choo.

"Sikia hiyo sailensa," Sikio alisema, kidole juu, uso umemng'aa kwa furaha. "Sikia! Kwenye nguzo utapita umelala."

Mkwe akaitazama mashine iliyokufa. Akamtazama baba mkwe.

"Nasikia, baba," alisema.

Mama Cherehani alihisi hasira na hofu vinampanda kwa pamoja, hata asijue kipi kinamsukuma. Hawa wawili watamuua mwanangu kwa adabu, aliwaza. Alikuwa na nia ya kumtuma mkwe dukani, ili amwambie mumewe faraghani, taratibu, kama mtu na mkewe. Lakini mkwe alikwisha kuinama na kuanza kulegeza vibano aichukue mashine yake. Mama Cherehani akatoka hivyo hivyo, futi ya kupimia shingoni na kastabani, kile kikofia cha chuma cha mshonaji, kidoleni, akasimama mbele ya mumewe mahali ambapo ataona mdomo wake.

"Imezima."

"Nini?"

"Mashine imezima. Imezima kitambo, na wewe bado unaisifia."

Sikio alitabasamu kwanza, akingoja sehemu ya kuchekesha. Akamtazama mkwe. Mkwe alikuwa anatazama chini, na sasa uso wake haukuwa na msaada wowote. Ndipo Sikio akageuka, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine. Kilikuwa na joto, na kilikuwa kimetulia tuli. Hakuuondoa mkono. Aliuacha pale muda mrefu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Mafuta," alisema. "Mafuta ya siku hizi..."

"Siyo mafuta, mume wangu."

Mama Cherehani hakuweza kuendelea kumtazama, kwa hiyo akamgeukia mkwe, maana kwake kulikuwa na nafasi ya kugomba.

"Na wewe. Uliisikia ikizima?"

"Niliisikia, mama."

"Na hizo chafya?"

"Nilizisikia."

"Ukamwambia unasikia sailensa!"

"Ni baba," alisema mkwe, kana kwamba hayo ni maelezo. Na kwake yalikuwa maelezo.

"Kwa hiyo kesho ungempakia mwanangu kwenye mashine mbovu, umpitishe kwenye nguzo?"

"Ningepiga kasia, mama," mkwe alisema kwa unyonge. Akavitazama viganja vyake bila kutaka.

Sikio hakuyasikia hayo, ila aliuona ule mtazamo. Akaushika mkono wa mkwe, akaugeuza juu. Ngozi ya kiganja ilikuwa imechunika, nyekundu, na pengine bado inatoa maji. Aliyekuwa ameshikwa mkono aliona haya kuliko aliyeushika. Sikio akauachia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bisibisi ikining'inia katikati ya magoti.

"Tangu lini unajua?" alimwuliza mkewe.

"Tangu ile safari ya sukari."

Alitoa pumzi puani, nusu ya kicheko. "Na mtaa?"

"Mtaa unasema unaringa."

"Afadhali." Akainamisha kichwa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, mpaka ikawa sauti ya mtu mmoja. "Mpeleke kwa Koleo, kule karibu na soko. Masikio yake ni mazima. Mwambie nimemtuma mimi."

Mama Cherehani alijua maneno hayo yamemgharimu nini. Koleo alikuwa mwanafunzi wake, na hawajapeana mkono tangu afungue karakana yake mwenyewe.

"Nilianzia kwa Koleo, baba," mkwe alisema. Kisha akakumbuka, akasogea, akasema tena kwa sauti ya kujilazimisha. "Nilianzia kwake! Akasema hii ni ya Sikio! Akasema sailensa ya kupita kwenye nguzo yeye hawezi kubeba dhamana!"

Jua lilikuwa limekwisha kupinda, na mkwe alitakiwa kuwa ng'ambo kabla ya giza. Mama Cherehani alihesabu moyoni kilichobaki: mwanawe, godoro, maji yanayojisokota. Hakukuwa na fundi mwingine wa kumkimbilia. Akajikuta anaogopa kwamba mumewe ataitupa bisibisi aingie ndani alale, kwa kuwa hata yeye angetamani kufanya hivyo.

Sikio akainuka. "Njoo huku," alimwambia. "Simama nyuma yangu. Weka mkono begani."

"Mimi? Mimi sijui kufunga hata bomba la jikoni."

"Nani amekwambia ufunge? Wewe umeisikia chafya ukiwa ndani, kwenye kelele za cherehani yako. Kwa hiyo wewe sikia, mimi nitafunga. Ikipiga chafya, nigonge. Ikilewa, nikwangue. Ikikaa, tuliza mkono."

Mkwe akavuta kamba, na mashine ikawaka kwa mkupuo. Mama Cherehani akafumba macho. Kwa muda hakusikia chochote ila moyo wake mwenyewe. Kisha akaipata: ile sauti aliyoishi nayo ukutani tangu aolewe, na ndani yake kile kijisauti cha kunyimwa. Pfa. Akagonga kwa kastabani. Bega la mumewe lilikuwa limekazana kama mbao. Skrubu ikafunguka kwa upana wa unywele. Pfa. Akagonga. Ikafunguka tena. Chafya ikatoweka, na mlio ukaanza kuwa mzito, unamezameza maneno, na Mama Cherehani akasita. Hii ni nini? Ndiyo ulevi, au ndiyo kukaa? Mkono wake ukaganda begani bila kusema kitu, na mumewe akadhani ametuliza.

"Imekaa?" aliuliza Sikio.

"Hapana," mkwe alisema kwa sauti ya ukweni. Hakuna aliyegeuka. Mkwe akasogea. "Baba, inalewa!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu," Sikio alisema bila kuinua kichwa. "Mimi ni kiziwi."

Neno hilo likatua uani pale, na kuku akaendelea kuparura. Mama Cherehani alikuwa amelihofia mwaka mzima, na sasa mumewe amelisema mwenyewe, mbele ya mkwe, kwa sauti ya mtu anayeomba spana. Machozi yakamtoka, lakini mkono hakuuondoa.

"Inalewa, baba! Inatoa moshi!"

"Hapo sawa."

Wakaifuatilia hivyo, mmoja akigonga, mmoja akipiga kelele na mmoja akizungusha, mpaka mlio ukawa mdogo, mwepesi, sawasawa, wa mtu aliyelala usingizi wa kweli. Mama Cherehani akatuliza mkono. Sikio akaipa mashine mafuta mpaka pipa likarusha maji, kisha akaikata ghafla, kama mtu aliyeiona nguzo mbele yake. Ikashuka, ikayumba, ikashika. Akarudia. Akarudia tena na tena mpaka mkewe akaona kizunguzungu, na kila mara aliuliza, "Ipo?" na kila mara wakamjibu wote wawili kwa pamoja, "Ipo!" Majirani walichungulia juu ya ua kujua kuna ugomvi gani.

Waliibeba mashine mpaka gatini, ilikofungwa boti. Mkwe akafunga mashine, akawasha, akaaga kwa kuinamisha kichwa, na safari hii akapaza sauti, "Kesho asubuhi, baba!" Mto ulikuwa umejaa, rangi ya udongo. Wazee wawili wakabaki wamesimama kwenye ncha ya gati, mke nyuma kidogo ya mume, mkono wake umerudi begani bila kuitwa.

"Inasemaje?" Sikio aliuliza.

Mkewe akamgongea kwa kastabani, polepole, kwa mwendo wa mashine. Sasa hakumaanisha chafya. Alimaanisha ipo, ipo, ipo. Boti ikazidi kwenda. Ilipofika karibu na nguzo mkwe alipunguza. Waliona pua ya boti ikishuka majini. Hapo ngurumo ya maji ikaifunika sauti yote. Mama Cherehani alikaza masikio mpaka yakauma, na hakupata kitu, si mashine wala chafya. Kidole chake kiliendelea kugonga.

"Hapa hata zamani," mumewe alisema, macho yake mtoni, "na masikio yangu yote, nilikuwa siisikii ikifika kwenye nguzo."

Kidole kikakoma.

"Usiache," Sikio alisema.

Akaendelea. Boti ikapotelea nyuma ya nguzo, na kulikuwa na maji tu, na nguzo, na maji. Aliona kichwa cha mkwe, akadhani ni kichwa cha mkwe, kumbe ni ndege ametua juu ya zege. Alitaka kusali, akakuta maneno yote ya sala yamemkimbia, amebakiwa na kile kidole.

"Ameongeza," Sikio alisema. "Ona moshi."

Moshi wa bluu ulikuwa umetoka upande wa pili wa nguzo, na chini yake boti, pua juu, inakwenda zake. Muda kidogo ndipo mlio wenyewe ukamfikia Mama Cherehani, mwembamba, wa mbali, usio na dosari.

"Amepita," alisema, akamwegemea mumewe.

"Akiwa peke yake," Sikio alisema. "Kesho ndiyo kesho. Tuje mapema."

Kisha akaushika ule mkono uliokuwa begani mwake, kwa sababu ulikuwa bado unagonga.